Kaunti Iliyopungukiwa na Watu

Jumapili hiyo Laurette alikuwa akimenya viazi chumbani kwao Point, mjini Durban, redio ya jirani ikiimba nyimbo za kanisa, Marcelline alipoingia na bahasha ya kaki na kumwomba amsomee. Wote wawili walitoka Uvira, Kongo, na kwa miaka tisa walikuwa wamepanga chumba kimoja, pazia la maua likitenganisha vitanda vyao. Marcelline alifunga maboksi kwenye ghala moja la Mobeni, na Kiingereza chake kiliishia kwenye salamu. Laurette alisuka nywele katika saluni ya Antoinette, mtaa wa pili, na kwa kubishana na wateja kutwa kucha Kiingereza kilikuwa kimemkaa mdomoni. Kwa hiyo yeye ndiye aliyepewa kazi ya kumsomea mwenzake bahati yake.

Ndani ya bahasha mlikuwa na karatasi nne. Watu wa process, yaani wale wanaopanga safari za wakimbizi kwenda Amerika, walikuwa wamemchagulia Marcelline mahali pa kuishi: kaunti ya Tilden, jimbo la Iowa, katikati kabisa ya nchi ile. Laurette alifuta mikono, akasoma. Kaunti ilipimwa mwaka 1851 na wapimaji waliokokota minyororo ya kupimia nyikani, wakaikata miraba kama karatasi ya daftari la hesabu. Wenyeji wake wa kwanza walikuwa wameshasukumwa magharibi. Wakaja Wanorwei, wakaja Wajerumani, ikaja reli. Nchi ni tambarare, ina mto mmoja, udongo mweusi unaofika kiunoni ukichimba, mahindi na soya mpaka macho yachoke, na kiwanda kimoja cha nyama ya nguruwe. Mwaka 1900 kulikuwa na watu elfu kumi na sita. Sasa wamebaki elfu saba na mia nne. Vijana wanaondoka, shule zinafungwa, na iko miji miwili iliyobakiwa na mnara wa maji na makaburi tu. Mwishoni iliandikwa kwamba kaunti inawakaribisha wakazi wapya kwa mikono miwili.

"Kumbe wanatafuta watu," alisema Marcelline.

"Wanatafuta sana," alijibu Laurette, akamkumbatia.

Alimkumbatia huku anaungua. Walikuwa wamefungua dossier, yaani faili la maombi, wiki moja, wakapanga foleni moja, wakapigwa picha na mpiga picha mmoja. Ya Marcelline ilitembea. Ya Laurette ilirudi na neno moja kwamba haijakamilika, na baada ya hapo kimya. Sasa mtu asiyejua hata kuomba chumvi kwa Kiingereza ndiye anayekwenda, na yule anayejua anabaki kuvuta rasta za watu mpaka vidole vivimbe. Laurette hakujidanganya. Alijua kabisa kwamba ni wivu, na alijua kwamba Marcelline hakumkosea lolote, na hilo ndilo lililomkera zaidi.

Kilichommaliza kabisa ni kwamba kila jioni Marcelline alitaka asomewe tena. Alisikiliza amekumbatia magoti, akiuliza mto unaitwaje na Wanorwei wanakula nini. Baada ya wiki tatu Laurette alikuwa ameihifadhi kaunti nzima kichwani, na Marcelline hajashika hata jina la mji wake. Akisimama kwenye robot, zile taa za barabarani, kusubiri magari yapite, Laurette alijikuta anawaza mto ule kama mali yake. Nani basi aliyestahili kwenda? Swali hilo alilala nalo na kuamka nalo.

Huko Overport, juu ya maduka, kulikuwa na chumba cha maombi cha Mama Valérie, mwombezi anayeheshimika sana na Wakongomani. Wenye safari walikwenda pale saa sita mchana, siku saba, kwa kufunga. Kila mmoja alikuja na karatasi ya nchi anayoiomba: ramani, nakala ya visa, hata picha ya uwanja wa ndege. Aliitandika sakafuni, akavua viatu, akasimama juu yake kwa miguu mitupu na kuitamka ile nchi kuwa yake. Wengi walikuwa wamesafiri baada ya kukanyaga, au ndivyo walivyosema.

Mama Valérie alikuwa na sharti moja tu, na alilirudia kila siku mlangoni. Kanyaga ya kwako. Kama huna karatasi, kanyaga sakafu na Mungu atakuona, lakini ya mwenzako usiiguse.

Laurette alilisikia sharti hilo kwa masikio yake mawili. Jumatatu, Marcelline alipokwenda Mobeni, alizitoa zile karatasi nne chini ya godoro lake, akamwambia Antoinette anakwenda kliniki, akapanda taxi ya Overport. Wanawake watano walikuwa wamesimama tayari, macho wamefumba. Alitandika. Akavua viatu. Akasema kwa sauti ya chini, ili Mama Valérie asisikie, "Nafasi ya Marcelline iwe yangu."

Siku ya kwanza hakuona kitu. Siku ya pili alichoka tu kwa njaa. Siku ya tatu nyayo zilimpata baridi, na hiyo ni Februari, mwezi ambao Durban unaoga na kutoka jasho kabla hujavaa. Alipovaa viatu aliona weusi chini ya kucha za miguu. Akadhani ni dawa ya nywele. Akasugua kwa sabuni na njiti ya kiberiti, ukatoka. Ulikuwa udongo.

Siku ya nne ulikuja upepo. Madirisha yalikuwa yamefungwa. Ulimpiga usoni yeye peke yake, ukiwa na harufu ya zizi la nguruwe, na vitambaa vya wanawake wale watano havikutikisika.

Siku ya tano alisikia mtu nyuma yake akihesabu. Alihesabu kwa Kiingereza, taratibu, kama mtu anayepita kitanda kwa kitanda hospitalini. Hakuhesabu watu sita. Alikuwa kwenye maelfu. Elfu saba na mia tatu. Elfu saba na mia tatu tisini. Sauti ilikuwa ya kizee na haikuwa na haraka. Ilipofika elfu saba na mia nne, ilinyamaza. Laurette alihisi pumzi shingoni. Kisha ikatamka namba moja zaidi.

Angeacha hapo. Mtu yeyote angeacha. Lakini jioni ile Marcelline alirudi na koti zito alilopewa na wenzake wa ghala, jekundu, na akalivaa na kugeuka geuka mbele ya kioo akicheka. Laurette akasema limempendeza. Kesho yake saa sita alikuwa Overport.

Siku ya sita, akiwa saluni baada ya maombi, mteja aliingia na kumuuliza Antoinette kama Laurette yupo. Laurette alikuwa amesimama kati yao na kitana mkononi.

"Sijamuona tangu asubuhi," alisema Antoinette.

Laurette aliita jina lake. Akaita tena. Mara ya tatu Antoinette alishtuka na kumtazama kama mtu anayetafuta miwani. "Eish," alisema, "uliingia saa ngapi?"

Siku ya saba alifumbua macho katikati ya maombi. Akatazama chini. Karatasi haikuwepo. Chini ya nyayo zake palikuwa na theluji, na theluji ilikwenda mbali, miraba kwa miraba, mpaka mwisho wa macho. Mbele yake alisimama mwanamke, amempa mgongo. Alivaa kitenge kama chake. Alisukwa kama yeye. Mwanamke akaanza kugeuka.

Laurette aliruka pembeni. Aliangukia mapaja ya Mama Valérie.

Mama Valérie aliokota karatasi, akasoma jina lililoandikwa juu. Hakufoka. Alimrudishia kwa ncha za vidole na kumnong'oneza, "Rudisha. Na muombe dada yako musamaha mbele hajaenda. Ni yeye tu anaweza kufunga ile mulango."

Laurette alirudisha karatasi chini ya godoro. Msamaha hakuomba. Alisema ataomba kesho, na kesho ikawa na shughuli zake, na kusema kweli aliona haya. Angeanzia wapi? Alhamisi Marcelline alisafiri. Pale uwanja wa ndege alimshika Laurette mikono yote miwili, akamwahidi kwamba akifika tu atawaambia wale watu kwamba ana dada yake Durban. Laurette alilia sana, na watu waliomwona walidhani analia kwa upendo.

Siku kumi zilipita. Saluni walizoea kumsahau. Taxi zilimpita akiwa amenyoosha mkono. Mwenye nyumba alikuja kupima chumba kwa ajili ya mpangaji mpya, naye yuko kitandani anakula.

Siku ya kumi na moja simu iliita saa sita mchana. Kule Iowa ni saa kumi alfajiri, wakati Marcelline anajiandaa kwenda kiwandani. Alikuwa ananong'ona.

"Laurette, huku watu wanasema ulikuja mbele yangu."

"Watu gani?"

Marcelline alimweleza. Alipofika alipokelewa na kikongwe mmoja wa Kinorwei, jirani, aliyemletea mkate wa matofaa na kumuuliza kwa ishara mdogo wake yuko wapi. Mengine alielezwa na mkalimani wa kanisa: yule aliyekuja tangu katikati ya mwezi. Anayesimama shambani peku. Kanisani walikuwa wameshamwekea kitanda, viatu, hata jina lake limeandikwa kwenye orodha ya wakazi wapya. Hazungumzi, walisema, na hakai ndani. Anasubiri mtu.

"Mimi niko Durban," alisema Laurette. Meno yalikuwa yanagongana.

"Najua. Lakini sasa hivi niko namuona."

"Wapi?"

"Hapa inje. Iko chini ya taa ya baraza. Ananiangalia."

Laurette alishuka kitandani akapiga magoti, simu imebanwa sikioni. Ndipo maneno yalipomtoka, yote, bila mpangilio. Karatasi. Overport. Siku saba. Alivyomwonea wivu tangu bahasha ile, alivyomtakia akose. Alisema nisamehe. Alisema tena. Upande wa pili ulisikika upepo tu.

"Marcelline, usimfungulie. Kwa jina la mama yako, usifungue."

"Anatetemeka, Laurette." Sauti ilikuwa imejaa machozi. "Iko na sura yako. Miguu yake imekuwa ya bluu. Nitakuachaje inje weye?"

"Huyo si mimi. Umenisikia nilichokuambia?"

"Nimesikia. Nimekusamehe kitambo, nilikuwa najua unaumia." Kitasa kikalia. "Karibu, dada. Ingia."

Laurette alisikia mlango ukifunguka. Alisikia nyayo peku zikikanyaga mbao. Alisikia mtu akipumua, halafu mlango ukifungwa. Kisha mtu akaichukua simu.

"Allô?" ilisema sauti ya Laurette.

Simu ilimponyoka. Alitaka kuiokota, vidole vikapita.

Alikuwa bado amepiga magoti pale Antoinette alipoingia. Alikuja kuuliza kwa nini msusi wake haonekani kazini, mlango aliukuta wazi. Alipita. Gauni lake lilipita katikati ya bega la Laurette, na Laurette hakuhisi hata kitambaa. Alipiga kelele. Alipiga kelele mpaka koo likachanika, na Antoinette akainama kuokota simu iliyokuwa bado hewani.

"Allô? Nani?"

"Ni mimi, patronne. Laurette."

"Laurette! Uko wapi?"

"Niko Iowa. Nilifika." Sauti ilicheka kidogo, kicheko chake mwenyewe, kile cha saluni. "Ilikuwa haraka, sikupata muda wa kuaga watu. Unisamehe."

Antoinette alikaa kitandani taratibu. Akauliza habari za baridi. Akauliza kama ni kweli wanawapa wageni nyumba. Akajibiwa yote kwa upole, kwa habari kamili za mto na reli na udongo. Mwisho akauliza Marcelline yuko wapi, amsalimie.

"Iko inje," ilisema sauti. "Alitaka kusimama kidogo."

Antoinette alikata simu, akaitia mfukoni. Alibaki amekaa, anakitazama kile chumba cha kupanga, pazia la maua, vitanda viwili. Laurette aliusogelea uso wake, karibu kabisa, akimwita jina. Akauona uso ule vizuri. Mdomo ulikuwa unatabasamu na macho yalikuwa yanaungua.

"Wengine Mungu anawapenda," alisema Antoinette peke yake, akatoka, akafunga mlango kwa nje.

Point nzima inajua kwamba Laurette alipata process, na wako wasiopenda kulisikia jina lake kwa sababu hiyo. Chumba kilichukuliwa na Watanzania wawili, Matilda na mdogo wake Benedicta. Wamekisogeza kitanda mbali na mahali fulani sakafuni, pale pale Laurette alipopigia magoti, na hawataki kusema kwa nini. Mwezi wa tatu, mchana wa jua kali, Matilda alikuwa ameacha pale beseni la nguo alizoloweka, akatoka kununua sabuni. Aliporudi maji yalikuwa yameganda juu, barafu nene kama sahani. Alipoinama aliona alama ya kiganja, vidole vyote vitano, imebonyea kutokea upande wa chini.