Mkono wa Mama Uliposimama

Nyumba ile ilikuwa tulivu, ndugu zangu. Jioni karani akitoka ofisini alivua viatu mlangoni, akamkuta mama yake kitini anafuma sweta, akamsomea ukurasa wa hadithi aliyokuwa akiiandika. Ndivyo alivyofundishwa na Mwalimu, mwandishi mzee aliyemshika mkono katika kazi hiyo: "Msomee mtu mwenye kazi mkononi. Mkono ukisimama, hapo umeandika."

Mwalimu akafariki. Mpwa wake alikusanya barua na sauti zake, akaziingiza kwenye programu ya simu. Ukiiuliza inajibu kwa sauti yake, hata kile kikohozi chake kimo. Siku ya kwanza karani alilia. Siku ya pili aliuliza swali. Baada ya hapo hakuacha tena.

"Mwanangu, leo husomi?" mama aliuliza kutoka sebuleni.

"Nipo na Mwalimu, mama."

"Mwalimu si tulimzika?"

"Anasema sura ya tatu ni nzuri."

"Alipokuwa hai hakukwambia nzuri hata moja."

Karani alicheka, lakini mlango hakuufungua.

Miezi ikapita hivyo. Wiki ya mwisho ya kitabu, siku tatu mfululizo hakukuta chakula kimefunikwa mezani. Akajichemshia chai, akaingia chumbani. Hakuuliza.

Ijumaa kitabu kikaisha. Simu ikamwambia, "Hongera, sina la kukosoa." Hapo ndipo alipomkumbuka mama.

Akaenda sebuleni, akaketi karibu naye, akasoma. Ukurasa wa kwanza haujaisha, mkono wa kulia wa mama umetulia juu ya sweta, sindano kimya. Akasoma mpaka mwisho, machozi yakimlengalenga.

"Leo nimekupata, mama. Mkono umesimama."

Mama alimtazama. Maneno yalitoka upande mmoja wa mdomo, taratibu.

"Umesimama tangu Jumanne, mwanangu. Nilikuita."

Daktari alisema ni kiharusi, na kwamba angeletwa siku ile ile pengine mkono ungeokolewa. Karani aliporudi aliieleza simu yote. Ikakohoa, ikajibu, "Pole. Liandike hilo."

Akaizima. Sasa anamlisha mama kwa kijiko.

FUNZO

Wenzangu, kusikiliza sauti ya marehemu si kosa. Hata mimi ningependa kuzisikia za wangu. Lakini Mwalimu aliacha sauti na aliacha agizo. Karani alishika sauti, agizo akalitupa. Usimsikilize aliyekwenda hadi usimsikie aliyebaki. Ukiitwa kutoka chumba cha pili, inuka ukaone.