Mwana wa Kitanda cha Saba

Cheng-wei na Yu-chin walijuana kwa kugombea bakuli la mwisho la uji wa samaki, Jumamosi asubuhi katika soko la Tainan, watu wamebanana hapapiti hata sindano.

"Kaka, foleni huioni? Au huko Taipei mnakula kwa mabavu?"

"Umejuaje natoka Taipei?"

"Viatu hivyo! Nani mwingine anakuja sokoni na viatu vya harusini?"

Yu-chin alivaa gauni la rangi ya chungwa bivu, nywele kazibana kwa penseli, na alipocheka Cheng-wei akasahau njaa. Akamwachia bakuli. Alipoulizwa uji ulikuwa wa nani, akajipamba kama wanaume wajuavyo: "Wa mama. Anaumwa. Kila Jumamosi nakuja kumlisha nyumbani kwa mkono wangu."

Yu-chin alikuwa muuguzi, na maneno yale yalimwingia moyoni kuliko maua. Mapenzi yakanoga, simu asubuhi na jioni. Kumbe mama huyo, Bibi Tsai, alikuwa kwenye makao ya wazee mjini humo mwaka wa tatu sasa, na mwanawe hakumtia machoni tangu sikukuu ya mwaka mpya, mwezi wa saba huo. Alikuwa akifika hadi langoni na kugeuka. Alishindwa kuona mama asiyemtambua, na kila alivyozidi kukawia ndivyo haya zilivyozidi kumzuia.

Kisha Yu-chin akahamishwa kikazi. Wiki ya kwanza alipokuwa akisoma majalada ya wagonjwa, alimpigia Cheng-wei.

"Mpenzi, uko wapi?"

"Kwa mama. Nampulizia uji upoe."

Yu-chin akalifunga jalada la kitanda cha saba. "Anakula?"

"Anamaliza bakuli zima!"

"Haya. Mpe salamu zangu." Akakata simu, na hakupokea tena.

Jumanne Cheng-wei aliitwa kwenye kikao cha familia pale makaoni. Alipofungua mlango, mezani kando ya daktari alikaa Yu-chin, kavaa sare nyeupe.

"Karibu, Bwana Lo," alisema, akimwita kwa jina la ukoo wa babake kama anayepokea mgeni.

Cheng-wei alitamani ardhi ipasuke immeze. Daktari akaeleza kwamba makao yanaanzisha huduma shufaa: Bibi Tsai asingepelekwa tena hospitali. Wangemtoa mpira wa kulishia puani, wamlishe kwa kijiko akitaka, wamtulize maumivu, hadi siku yake imkute kitandani mwake.

Mwenye aibu hujificha kwenye kelele. "Mnataka kumuua mama yangu kwa njaa! Watu watasemaje? Mpelekeni hospitali!"

"Njoo umwone kwanza," Yu-chin alisema. "Kisha upige kelele utakavyo."

Kitanda cha saba kilikuwa dirishani. Mikono ya bibi ilikuwa imevishwa glavu nene za kitambaa, zimefungwa kwa kamba kwenye vyuma vya kitanda.

"Nani kamfunga?"

"Aliung'oa mpira mara sita. Miezi mitano sasa amefungwa. Ulipopigiwa simu kuombwa ruhusa, ulijibu, fanyeni mnavyoona."

Bibi akafumbua macho, akamtazama mwanawe kwa adabu. "Umekula, bwana?" sauti ilimkwaruza. "Na mama yako, amekula?"

Cheng-wei akapiga magoti akalia mbele za watu, bila kujizuia. Akatia saini karatasi ya ridhaa. "Yu-chin, nisamehe."

"Usiniombe mimi. Fungua hizo kamba."

Alichukua likizo. Yu-chin alimfundisha kushika kijiko bila hata tabasamu, na siku zote akimwita Bwana Lo. Siku nyingine mama alimeza vijiko viwili vya magimbi yaliyopondwa, siku nyingine hakutaka chochote, alikishika tu kidole cha mwanawe. Siku ya kumi na tatu, baada ya saa sita mchana, alizima taratibu, mikono yake huru.

Siku arobaini na tisa za matanga zilipokwisha, makao yaliwaita jamaa wa wazee wengine kuwaeleza huduma ile. Wakagoma. "Mnataka tutukanwe mtaani kwamba tumewaacha wazazi wafe?" alifoka mzee mmoja.

Cheng-wei, ambaye hakuna aliyemwalika, akasimama nyuma.

"Mimi ndiye mwana wa kitanda cha saba. Mama yangu alifungwa mikono miezi mitano kwa sababu niliogopa midomo ya watu kama ninyi. Sikuja kumwona. Huku nikimwambia mpenzi wangu kwamba namlisha mwenyewe. Na mpenzi mwenyewe ni huyo hapo, muuguzi."

Vichwa vyote vikageuka. Mama mmoja akasonya. "Aibu gani hii!"

"Aibu kweli, mama. Mimi imenikuta. Ninyi bado mnayo nafasi."

Yule mzee akaomba aelezwe tena habari ya glavu, taratibu.

Cheng-wei alikuwa amefika langoni aliposikia viatu vya mpira nyuma yake.

"Cheng-wei!"

Akageuka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Jumanne ile kuitwa naye kwa jina lake.

"Bado nina hasira nawe," Yu-chin alisema, macho mekundu.

"Najua."

"Haitaisha leo wala kesho."

"Nitangoja."

"Basi usingojee huko Taipei. Ngojea hapa."