Tarehe Tano za Uongo

Kila Jumapili asubuhi, vyombo vikishaoshwa, Chiriku alikabidhiwa gari. Jina hilo alipewa na mama yake kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Gari lenyewe lilikuwa dogo, la umeme, nalo ndilo lililowalisha: mama yake alilitumia kuwapeleka wagonjwa wa figo kliniki na kuwarudisha makwao. Kazi ya Chiriku ilikuwa kukung'uta mazulia, kufuta vioo, kisha kufungua droo ya mbele na kuchomoa chujio la hewa lililojificha nyuma yake. Alilipigapiga likatema vumbi, akalirudisha, akaandika tarehe kwenye plasta iliyobandikwa ndani ya mlango wa droo.

Lakini vibanio vya droo ile vilikuwa vigumu, viliumiza kucha, na nje wenzake walikuwa wakiruka kamba. Jumapili moja akaandika tarehe bila kufungua kitu. Hakuna aliyejua. Wiki iliyofuata kalamu ilikwenda yenyewe. Na ndiyo kwanza barabara ya kliniki ilikuwa imeanza kuchimbwa, vumbi limetanda kama ukungu.

Jumanne baada ya Jumapili ya tano, mama alirudi mapema mno. Alikaa kizingitini, hata viatu hakuvua.

"Mwalimu amezimia garini," alisema.

Mwalimu huyo mstaafu alikuwa jirani yao na mmoja wa wagonjwa wa mama. Ndiye aliyemfundisha hesabu za sehemu kwa kukata chungwa vipande.

"Yuko hai?"

"Yuko hai, wamemlaza. Tulikwama foleni, jua la utosi, vumbi nje, vioo vimefungwa. Nimewasha kiyoyozi mpaka mwisho. Feni inanguruma, upepo wenyewe kama pumzi ya mtoto mchanga!" Mama alijifuta uso kwa ukingo wa kanga. "Msimamizi wa kliniki amesema kesho saa nne gari likaguliwe. Lisipotoa hewa ya kutosha, wagonjwa wanapewa dereva mwingine."

Walikwenda gereji kubwa yenye milango ya vioo. Fundi akatokea, koti jeupe, kucha safi kama hajawahi kugusa gari maishani.

"Chujio mmesafisha lini?"

Mama akafungua droo, akamwonyesha tarehe. "Kila Jumapili. Binti yangu huyu hapa."

Kwenye kiti cha nyuma, Chiriku aligeukia dirishani.

"Basi mtambo wa kupoozea umekufa," fundi alisema, macho yakiwa kwenye simu yake. "Utaagizwa. Njoo baada ya wiki sita."

"Wiki sita! Baba, hata hujainama ukaangalia?"

"Mama, magari haya yana wenyewe."

Wako watu wa namna hiyo kila mahali. Wakikuona umevaa kandambili, hawapotezi jasho lao kwa ajili yako. Wanakutupia neno kubwa ili uondoke.

Njiani mama aliuliza, "Chiriku, leo umemeza gundi?" Mama mwenyewe alikuwa akilia huku anaendesha.

Jua lilikuwa bado juu alipofika shangazi na mkoba wake wa spana. Shangazi alikuwa fundi wa majokofu aliyejifunza mwenyewe, na hakusahau kitu: mhandisi aliyemfukuza mlangoni miaka ishirini nyuma, alimkumbuka hadi rangi ya tai. Aliwasha gari, akaweka kiganja kwenye tundu la hewa.

"Wifi, umedanganywa! Baridi ipo, upepo ndio haupo. Mtambo ungekufa, hapa kungetoka joto. Kuna kitu kimeziba njia. Chujio?"

"Safi. Soma tarehe."

Shangazi akasoma, akaguna. "Basi feni. Itabidi nifumue dashibodi yote, na humo mna nyaya za rangi ya chungwa. Umeme wake ukikushika, unakwenda kumsalimia marehemu babu. Na kesho saa nne hatutakuwa tumemaliza."

"Tutafanyaje sasa?" mama alisema. "Fumua."

Shangazi alizima gari, akavaa glavu. Bisibisi ilipogusa skrubu ya kwanza, Chiriku alipiga kelele.

"Shangazi, acha! Tarehe ni za uongo! Tano zote!"

Mama alimtazama kama mtoto wa watu wengine.

Shangazi alibana vibanio, akachomoa chujio. Lilikuwa limevaa blanketi la vumbi, manyoya ya kuku na majani makavu.

"Hili si chujio," alisema, "ni godoro."

Alilipuliza kwa pampu na kulisugua kwa brashi mpaka rangi yake ikaonekana, akalirudisha. Gari lilipowashwa, upepo ulipeperusha kanga ya mama kichwani. Hakuna aliyecheka.

"Yule wa gereji bado namlaani," shangazi alisema, akivua glavu polepole. "Fundi asiyefungua si fundi. Lakini wewe ndiye uliyempa kisingizio. Na mimi nilikuwa natia mkono kwenye nyaya zile, Chiriku, kwa kuamini mwandiko wako."

Kesho yake saa nne, msimamizi aliweka karatasi mbele ya tundu, ikaruka hadi kiti cha nyuma. Akatia sahihi.

"Kwa Mwalimu," mama alisema, "utakwenda mwenyewe."

Wodini, Mwalimu alikuwa ameegemea mto, uso umesinyaa. Chiriku alisimama miguuni pa kitanda akasema yote, bila kuruka hata Jumapili moja.

"Nilipokufundisha hesabu," Mwalimu alisema, "nilikukataza nini?"

"Kuandika jibu kabla ya kufanya hesabu."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu..." Machozi yalimshuka. "Kwa sababu atakayelisoma ataamini nimeifanya."

"Hilo ndilo somo lote, mjukuu wangu, na la chujio limo humo humo. Na Jumapili usiniletee tarehe. Niletee kucha zako nizione."

Jumapili Chiriku aliwaacha wenzake na kamba yao. Alimpelekea kucha kumi, nyeusi kwa vumbi, moja imevunjika.