Maji ya Rejeta

Kwang'! Mkono wa debe uligonga bati gizani, nje ya mlango wa chumba. Mwanamkasi alifumbua macho, akayafumba tena. Hakuwa na haja ya kuitwa. Baba yake, Masoud, kila alfajiri kabla ya kwenda msikitini huliweka debe tupu kizingitini, na mlio wa mkono wake ndio uliomwamsha binti kwenda kuchota maji mferejini, kwenye bomba la mtaa.

Maji hayo hayakuwa ya kunywa wala ya kupikia. Yalikuwa ya gari.

Gari yenyewe ilikuwa kuukuu, Morisi ndogo ya kijivu ambayo Masoud aliinunua kwa mtu aliyekuwa akihama. Ililala mtaa wa Malindi, pale njia inapopanuka, maana kichochoro cha nyumba yao kilikuwa chembamba hata punda hupita kwa kuombewa njia. Mchana Masoud alikuwa karani wa ghala bandarini. Jioni alivua shati, akafunga kikoi kikuukuu, akaingia chini ya gari. Miaka ile spea zilikuwa hazionekani madukani, kwa hivyo kila kilichoharibika alikibunia dawa yake. Gasketi za kuzibia maungio ya injini alizikata kwa kadibodi nzito akazipaka grisi. Viti alivijaza makumbi ya nazi. Kioo cha taa ya nyuma alikichonga kwa bakuli jekundu la plastiki lililopasuka.

"Masoud, siku utakayoitia injini ya cherehani utwambie!" watu wa barazani walimtania.

Naye alicheka pamoja nao. Ijumaa jioni wao walibaki pale pale barazani, na yeye alimpakia mkewe Tabia na binti yao, wakaenda Forodhani kupunga upepo.

Mwenzake katika kazi hiyo alikuwa Mzee Gharib, fundi bati wa mtaani, mtu wa vibatari, mabirika na majiko. Kila penye tundu kwenye gari ile, Gharib alilehemu. Hakutaka kitu. Akilipwa kikombe cha kahawa na maneno mazuri, yeye radhi.

Masoud alikuwa na amri moja ambayo hakutaka ichezewe. Rejeta, ile sehemu ya mbele inayopoza maji ya injini, isitiwe maji ya kisima.

"Kisima chetu cha uani kina chumvi," alimwambia Mwanamkasi. "Chumvi inakula shaba. Injini ikipata moto inaacha ukoko, vijia vya rejeta vinaziba. Maji ya mfereji tu. Umesikia, mwanangu?"

"Naam, baba."

Lakini kiangazi kilipoingia mfereji ulitoa maji kama unayaonea choyo. Ndoo zilipangwa mpaka kwenye kona. Na katika foleni ile alikuwamo Mwatum, msichana mwenye ulimi kama wembe.

"Mpisheni, mpisheni!" alisema Mwatum siku moja. "Gari ya kwao imeamka na kiu! Jamani, na chai inataka? Inakula mkate wa mofa au wa kumimina?"

Foleni nzima ikaangua kicheko. Mwanamkasi akahisi masikio yanamwaka. Alibeba debe lake tupu, akarudi nyumbani, akaingia uani na kuteremsha ndoo kisimani. Maji yalikuja meupe, mazuri. Maji ni maji ukiyatazama. Akayapeleka kwenye gari, akayamimina kwenye rejeta kama kawaida, kisha akaondoka mbio kama aliyeiba.

Leo tu, alijiambia. Lakini ile leo ikazaa kesho, na kesho ikazaa wiki. Debe lilipokauka lilibaki na mstari mweupe wa chumvi ubavuni. Akawa anausugua kwa mchanga kila siku mpaka usionekane. Kazi ya kuuficha ule mstari ilimchosha kuliko ile foleni, lakini hakuiacha.

Siku waliyokwenda shamba, Jambiani, kumtazama bibi yake Mwanamkasi, gari ilianza kunung'unika walipopita Tunguu. Mvuke ukatoka mbele, fuu! kama birika lililosahauliwa jikoni. Masoud akasimama kando ya njia. Wakangoja injini ipoe, wakatia maji ya kunywa waliyochukua, wakaenda kidogo, ikachemka tena. Mwisho walirudi mjini wamevutwa kwa kamba na gari la ng'ombe, na mtaa mzima ukatoka kuwatazama. Bibi alipika akangoja mpaka chakula kikapoa.

Kesho yake Masoud aliikagua gari kitu baada ya kitu. Mkanda wa feni ulikuwa umekaza. Pampu ilikuwa inazunguka. Alipofungua kizibo cha chini cha rejeta, maji yalitoka rangi ya kutu, na ndani yake vipande vyeupe kama maganda ya mayai. Akachovya kidole, akaonja. Akatema.

"Chumvi," alisema polepole. Kisha akaita, "Mwanamkasi!"

"Naam, baba."

"Maji ya gari unachota wapi?"

Baba hakuuliza kwa ukali, na pale pale ndipo palipokuwa na nafasi ya kusema. Mwanamkasi aliiona nafasi hiyo, wazi kama mlango. Akaipita.

"Mferejini, baba."

Masoud alimtazama, akakubali kwa kichwa. "Basi. Kama maji ni ya mfereji, chumvi imetoka kwa Gharib."

Mwezi uliopita Gharib aliivua rejeta akaziba tundu. Dawa ya kulehemu ina chumvi kali, na fundi asipoisuuza vizuri, hubaki ndani ikala shaba. Masoud alikuwa na aibu ya kuvutwa na ng'ombe mbele za watu, na mwenye aibu hakosi wa kumtwika. Jioni hiyo alikwenda barazani, watu wameketi na kahawa zao, akasema kwa sauti:

"Gharib, umeniulia gari yangu. Umelehemu hukusuuza."

Gharib aliduwaa. "Masoud, ile rejeta nimeisuuza mpaka vidole vikanywea. Yatazame maji unayotia. Muulize mtoto."

"Nshamuuliza. Mwanangu hajapata kuniambia uongo."

Gharib alikiweka chini kikombe chake, kahawa bado nusu, akaondoka.

Maneno ya barazani hayana mlango wa kuyafungia. Kabla ya Ijumaa watu walikuwa wanapeleka majiko yao kwa fundi mwingine. "Kama ameshindwa kusuuza rejeta ya rafiki yake, birika langu je?" Watoto nao walipata wimbo. Wakipita kibandani kwa Gharib walipiga kelele, "Gharib Chumvi! Gharib Chumvi!" Mwatum ndiye aliyeongoza. Siku moja Mwanamkasi alikuwa pamoja nao, akacheka, kwa sababu wote walicheka na yeye aliogopa kuonekana peke yake hacheki. 

Baadaye alipita kibandani pale peke yake. Hapakuwa na jiko wala birika la mtu likingoja. Gharib alikuwa ameketi, mikono imelala mapajani.

"Shikamoo, Mzee Gharib."

"Marahaba, mwanangu." Kisha, kama zamani, akauliza, "Gari ya baba haijambo?"

 Mwanamkasi alikimbia hadi nyumbani, akamkuta mama yake amekaa juu ya mbuzi anakuna nazi, akayamwaga yote, mfereji, Mwatum, kisima, mstari wa chumvi. Tabia aliacha kukuna. Alimvuta bintiye akamfuta machozi kwa ncha ya kanga.

"Kumwambia baba yako si kazi yangu," alisema. "Nitakaa karibu yako tu."

Masoud aliporudi kazini alisikiliza mpaka mwisho. Hakumpiga. Ingekuwa nafuu angempiga.

"Nilimkana rafiki yangu kwa ajili ya neno lako," alisema, akafunga kikoi chake, akamshika mkono. "Twende."

Gharib aliwasikiliza akiwa mlangoni pa kibanda chake.  Aliingia ndani, akatoka na waya mwembamba, akamwambia Masoud alete rejeta na ukwaju. Wakaifanya kazi ile pamoja, bila utani wala hadithi. Waliloweka ukwaju, wakaimiminia rejeta maji yake makali, wakaacha ukoko ulainike. Gharib akaufungua mfuniko wa juu, akapitisha waya kwenye kila kijia, kimoja kimoja, mpaka maji ya mfereji yaliyomiminwa juu yakatoka chini meupe. Akaulehemu tena mfuniko. Rejeta iliporudi mahali pake injini iliwaka, ikanguruma, haikuchemka.

"Gari yako haijambo," alisema Gharib akifuta mikono. "Ukoko wa rejeta hutoka kwa ukwaju na waya. Jina langu mimi nani atalichokonoa?"

"Nisamehe, Gharib," alisema Masoud.

"Nshakusamehe. Lakini jina hukunivunjia hapa kibandani, Masoud. Umenivunjia barazani."

Njiani Masoud alisimama. Kisha alichutama mbele ya binti yake, macho kwa macho.

"Uongo wako ulikuwa mdogo, Mwanamkasi. Mimi niliuchukua bila kuupima nikaumwagia mtaa mzima. Kwa hivyo nami nina kosa langu, na nitalisema mwenyewe. Lakini lijue hili. Kosa liseme lingali ndani ya debe. Likishaingia kwenye rejeta utapata taabu kulitoa, na pengine halitoki lote."

Baada ya sala ya alasiri baraza ilijaa. Mwatum na wenzake walikuwa wanacheza kando. Gharib alikuja, lakini hakuketi. Muuza kahawa alimnyooshea kikombe, akakikataa kwa mkono. Masoud alisimama mbele ya watu wote.

"Nilimsingizia Gharib hapa hapa, nanyi mkaniamini," alisema. "Nilikosa. Na binti yangu ana neno."

 Mwanamkasi alisogea mbele. Alimtafuta mama yake kwa macho, akamwona amesimama mlangoni kwao na kanga yake. Kisha akamgeukia Mzee Gharib, akasema kwa sauti iliyofika mpaka kwenye kona:

"Maji ya chumvi niliyatia mimi."