Kondoo wa Agosti

Mgeni aliingia mkahawani bila hodi.

Joho la buluu. Miguu mitupu, misafi. Taji la majani kichwani, filimbi mkononi. Nje aliacha mkokoteni wa nyasi kavu na kondoo saba waliooshwa wakang'aa.

Baccio Tolfetani, jasusi wa gavana wa Roma, aliendelea kula dengu zake. Asubuhi kioo kilimmulikia ishara kutoka mnara wa askari: leo, hapa Barabara ya Appia. Itapita baruti ya kulipua jumba la Kardinali, mkubwa wa gavana, wakati wa karamu. Nani anaileta, hawakujua.

Bandani, nyuma ya mkahawa, mchunga kondoo Nunzio alikuwa akitetemeka. Homa ilimwangusha wakati wenzake wakipanda milimani. Baccio alikuwa amemwapia: leo hii, jua halizami kabla hatujashika njia ya kwa mkeo.

"Maji, kaka," alisema mgeni. "Napeleka nyasi kwa Kardinali."

"Mchunga kondoo wewe?"

"Toka tumboni mwa mama!"

"Unawalisha wapi?"

"Si hapa hapa bondeni! Majani tele, upepo mwanana."

"Agosti hii?"

"Mwaka mzima, kaka."

Baccio akacheka. Kicheko kibaya.

Ukutani ilining'inia picha ya aina wanayoililia mabwana wa Roma: kondoo wanono, kijana na filimbi, mwanga wa dhahabu. Kwa mbali, kaburi dogo la kukumbusha kifo. Dogo kabisa, lisimharibie mtu chakula. Mgeni alikuwa amenakili kila kitu humo, hadi taji.

"Uchungaji umejifunzia ukutani, siyo?"

"Unasemaje?"

"Toka Juni bonde ni tupu, mpumbavu wewe. Homa inaua. Kila kundi liko milimani Abruzzo mpaka Oktoba. Asiyejua ni mchoraji, mnunuzi wake, na hao waliokutuma."

Filimbi ikafyatuka. Kisu ndani yake.

Baccio akapiga meza teke. Dengu zikaruka. Kisu kikachana hewa.

Bastola ya Baccio, kazi ya mafundi wa Brescia, ikatulia chini ya kidevu cha mgeni.

"Haya. Tupigie wimbo sasa."

Mgeni akaachia filimbi.

Nje, chini ya nyasi, mapipa ya baruti. Baccio akamulika kioo kuelekea mnarani. Kapteni Orsolo akafika mbio na askari wake.

"Kardinali amepata ishara yako, anakutaka sasa hivi," alisema Kapteni. "Anakupa ukuu wa majasusi, mbele ya wageni wote."

"Kesho kutwa."

"Una wazimu? Usipofika leo anapewa mpwa wake. Yule asiyejua hata kushika bastola!"

"Apewe."

"Kwa sababu gani?"

Baccio alimbeba Nunzio kutoka bandani, akampandisha kwenye farasi wake.

"Bwana," mgonjwa alinong'ona, "nilidhani ulisema tu."

"Shika vizuri, mzee. Njia ina mawe."

Akakamata hatamu, akatembea kwa miguu. Jua lilikuwa bado juu.