Kizazi Kipi?

Kila Jumatatu dobi wa shule ya bweni alifua mashuka mia mbili. Mashuka hayo yalijua siri nyingi za wanafunzi, naye dobi alizitunza kwa heshima zote. Siri yake mwenyewe aliitunza zaidi.

Kwa miezi mingi alihisi kitu kizito ukeni, kama yai linalotaka kutoka. Asubuhi kilikuwa kidogo. Kufikia saa tisa, baada ya ndoo za mashuka yaliyolowa, alitembea kama mtu aliyebana mpira mapajani. Mkojo nao ulimchokoza. Akienda chooni hautoki wote. Akikohoa unatoka bila kuombwa. Alikuwa amezaa watoto sita, na alichoka kama aliyewabeba wote sita kwa mpigo.

Mumewe alikuwa fundi saa. Katika chumba chao cha mbele zilining'inia saa kumi na nne, kila moja na maoni yake. Jioni moja dobi alijikaza.

"Baba watoto, naona kizazi kimeshuka."

Fundi aliondoa kioo jichoni. Akatikisa kichwa kwa huzuni. "Hata mimi nimeliona hilo, mke wangu. Vijana wa siku hizi hata salamu hawana. Jana mmoja kanipita hapa mlangoni kama kapita mbuzi."

Dobi alimtazama. Maneno yale machache aliyakusanya kwa wiki mbili. Hakuwa na nguvu ya kukusanya mengine.

"Kweli," akasema. "Salamu hawana." Akaenda kubandika chai.

Akajitibu kimya kimya. Alijifunga kitambaa tumboni, akakikaza sana, ili kile kitu kisianguke. Kikazidi kushuka. Hospitali aliiogopa. Aliamini dawa ni kisu tu. Baada ya kisu ni kitanda, na akitoka kitandani atakuta dobi mwingine ameshika ndoo zake.

Siku moja jirani yao, mkunga wa kliniki, alileta saa yake. Fundi alikuwa ametoka kununua betri.

"Kaa basi, dada, tuzungumze," mkunga alimwambia dobi.

"Nimezoea kusimama."

"Juzi ulisimama. Jana ulisimama. Stuli imekukosea nini?"

Dobi alizitazama saa, kana kwamba zinasikiliza. "Kizazi kimeshuka," akasema.

Mkunga hakutaja vijana. "Kinatokeza nje, au unakihisi ndani tu?" aliuliza, kama anayeuliza sukari vijiko vingapi. Dobi akalia kidogo, kwa uchovu tu.

Kesho yake kliniki, mkunga alimpima.

"Misuli ya chini ya nyonga imebeba kibofu, mji wa mimba na utumbo," alieleza. "Uzazi na ndoo vimeilegeza. Si aibu, wala hujalogwa."

"Nitapasuliwa lini?"

"Nani kataja kupasuliwa? Upasuaji upo, na ukiuhitaji baadaye hautakukimbia. Lakini kwa hali yako si lazima tuanzie huko. Kuna mazoezi, na kuna pete. Chagua kimoja, au vyote."

"Pete?"

"Ya mpira laini. Inakaa ukeni, inashikilia mji wa mimba usishuke. Ikikutosha, hutaihisi."

"Nikikohoa ikaruka?"

"Tutatafuta saizi nyingine. Utarudi kwa tarehe nitakazokupa, tuitoe, tuioshe, tukuangalie. Ukiona damu, uchafu wenye harufu mbaya, maumivu, au mkojo umegoma, usingoje tarehe."

"Na mazoezi?"

"Bana kama unazuia mkojo na ushuzi kwa pamoja."

"Ushuzi?"

"Ushuzi, dada, kama vile uko ukumbini na wageni. Bana, hesabu hadi tano, legeza, pumzika. Mara kumi, asubuhi, mchana na jioni. Usizuie pumzi, na usifanye ukiwa unakojoa. Wiki hii hutaona kitu. Ni kazi ya miezi mitatu au zaidi."

Kisha akakinyooshea kidole kitambaa. "Hicho kinaminya tumbo, tumbo linasukuma kila kitu chini. Kivue. Kunywa maji, kula matunda na mboga, usijikamue chooni. Na ndoo isijae."

Dobi alichagua vyote. Pete ya kwanza iliteleza kabla hajafika getini, akarudi akicheka kwa uchovu. Ya pili ikakaa.

"Nimevishwa pete," alimwambia mumewe.

Fundi alivikagua vidole vyake, vyote kumi. "Na nani?"

"Mkunga."

Saa mbili za ukutani ziligonga, zikibishana.

"Kaa, baba watoto. Kizazi nilichokuambia siku ile hakikuwa cha vijana." Akamweleza yote, hata ushuzi.

Fundi aliweka kioo chake mezani. "Na mimi nikakupa habari za salamu," alisema.

Jumatatu iliyofuata fundi alimsindikiza shuleni akisukuma kigari alichokiunda kwa magurudumu ya kiti kibovu. Dobi alijaza ndoo nusu nusu, akasukuma badala ya kubeba. Safari ziliongezeka, uzito ukapungua.

Miezi minne ikapita. Mashuka bado yalikuwa mia mbili, na dobi bado alichoka. Ila sasa alichoka mikono tu. Ndoo zilikuwa bado zake. Akirudi alikaa kwenye stuli, akibana na kulegeza bila mtu kujua, akihesabu kwa saa pekee iliyosema kweli.

Jioni moja mteja mzee aliingia akinung'unika. "Fundi, kizazi kimeshuka."

Fundi aliondoa kioo jichoni. Akamvutia mzee kiti.

"Kizazi kipi?" aliuliza, kwa makini sana.