Kitabu cha Nguva Kilicholowa

Kila asubuhi nilifagia ua, nikateka maji kisimani, kisha nikanywa chai ya rangi kwa mbaazi zilizolala. Wakati huo Shangazi Shekha alikuwa ameshaketi mkekani akidarizi kofia, na akidarizi hasemi. Basi nyumba yetu ya Takaungu ilikuwa na watu wawili na sauti moja, yangu mimi Tumu, na mara nyingi nilikuwa nikijisemeza mwenyewe.

Baba alifariki nikiwa mchanga. Mama alikuwa Jeddah akifanya kazi katika nyumba za watu, na huo ulikuwa mwaka wake wa pili. Mwanzoni mwa mwaka wa 1986, nikiwa darasa la sita, alimpa msafiri mmoja aniletee boksi la kalamu za rangi za majimaji, rangi kumi na mbili. Mimi nilimtaka mama, lakini nilipata kalamu, na kwa kuwa sikuwa na wa kucheza naye, nilianza kuchora.

Nilichora hadithi ya nguva, wale watu wa baharini ambao nusu ni binadamu na nusu ni samaki. Binti mmoja wa nguva aliishi peke yake kwenye mwamba, akampenda mwana wa mfalme wa bahari. Kila ukurasa wa daftari niliugawa vyumba sita, na katika kila chumba nikachora picha na maneno yake. Nilipofika ukurasa wa ishirini nilikipeleka kitabu shuleni. Wakati wa mapumziko kikapita mkono hadi mkono.

"Mashaallah, Tumu," walisema wote. Kwetu ukisifu kitu cha mtu hutaja jina la Mungu, usije ukakidhuru kwa jicho lako. Nilifurahi, sitawaficha. Ila walipokwisha kusifu walinirudishia kitabu changu, wakaenda kucheza rede, na hakuna aliyeniambia njoo. Nguva wangu walipendwa. Mimi nilibaki nimesimama ukutani na daftari kifuani.

Mtu mmoja tu alibaki nami. Huyo alikuwa Nyevu, binti wa Kigiriama kutoka mashambani nyuma ya mji, ambaye niliketi naye dawati moja. Kila siku akirudi kwao alipitia kwetu kunywa maji, na hiyo nusu saa ndiyo niliyoingoja tangu asubuhi. Nyevu hakuwa na haraka ya kitu chochote. Alisoma kitabu changu mapumziko yote yaliyosalia, kisha akarudia mwanzo.

"Nikwambie?" akaniuliza.

"Niambie kweli, usinifiche."

"Maji yako ni mazuri. Nikiyatazama naona baridi. Na huyu mdogo wake nguva, anayeiba viatu vya mabaharia na hana miguu, amenichekesha. Na pale binti anapokaa mwambani peke yake, pale nilitaka kulia."

Nilijiona nimeota mbawa. Kumbe hajamaliza.

"Lakini nyuso zote ni moja. Binti na mama yake nawatofautisha kwa hereni tu. Mikono umeificha nyuma au ndani ya nywele, kila ukurasa. Na huyu mwana wa mfalme hana ila hata moja. Ukurasa wa pili wamekutana, ukurasa wa pili wamependana. Hawajaamkiana, Tumu. Na huko baharini nani anapika? Hawana kazi watu hawa?"

Mambo yote aliyoyasema yalikuwa kweli, na ndiyo yaliyonichoma. Mikono nilikuwa siwezi kuichora, na nilidhani hakuna atakayeona. Nilimpokonya kitabu. "Wewe wajua nini mambo ya bahari," nikamwambia, "na kwenu ni mihogo mitupu." Nyevu akainuka akaenda zake. Siku ile hakupitia kwetu kunywa maji.

Jioni nilibandika ukurasa mpya kwa gundi ya unga wa ngano. Nilitaka ushike vizuri bila kukunjamana. Mtungi wa maji ya kunywa ulikuwa mtupu, nao ulikuwa na kitako bapa. Nikauinua, nikakilaza kitabu chini yake, kisha nikaujaza maji hadi shingoni ili uzito ukikandamize. Msichana wa miaka kumi na miwili, mzaliwa wa Takaungu, hajui kwamba mtungi wa udongo hutoka jasho usiku kucha! Asubuhi kitabu kilikuwa kimelowa chapachapa. Bahari yangu ilikuwa imemwagika juu ya nyuso, na nguva wote walikuwa uji wa kijani.

Nilikipeleka shuleni hivyo hivyo, nikilia. Wenzangu wakanizunguka. Kijana mmoja aitwaye Zubeir, ambaye mdomo wake haukujua mlango, akauliza, "Jana nani alikuwa wa mwisho kukitazama?"

"Nyevu," akajibu mtu.

"Na alisema Mashaallah?"

Wakanigeukia mimi. Nyevu alikuwa palepale, amesimama na mkoba wake. Ningeweza kusema neno moja tu, mtungi, na mambo yakaisha. Lakini aibu ya ujinga wangu ilinikaba, na zile hasira za jana zilikuwa hazijapoa.

"Hakusema," nikajibu. Halafu nikanyamaza.

Kufikia adhuhuri shule nzima ilijua kwamba Nyevu ana jicho. Wasichana walifunika vyakula vyao akipita. Mtoto akianguka uwanjani, wanatazama Nyevu yuko wapi. Juma la pili alihamia dawati la nyuma kabisa, peke yake. Juma la tatu hakuja.

Nilikuwa nimezoea upweke wa nyumbani. Huu wa shuleni ulikuwa mwingine, maana nilijitengenezea mwenyewe. Nilikuwa na dawati zima, nikieneza viwiko vyangu nitakavyo, na sikuweza kuandika mstari ulionyooka. Jioni nilishika kalamu za mama nikaziweka chini. Nimchoree nani?

Siku ya Alhamisi Mwalimu Phineas, mwalimu wetu wa darasa, alifuta jina kwenye ubao wa zamu za kufagia. "Baba yake Nyevu amekuja," akasema. "Anasema binti yake hatarudi tena, atamsaidia shambani. Amechoka kumwona akilia." Kisha akaendelea na hesabu. Mimi sikuisikia hesabu ile.

Nilipofika nyumbani nilimkuta Shangazi amepiga magoti pembeni mwa ukumbi. Alikuwa amesogeza mtungi ili apanguse sakafu, na chini yake pana madoa ya kijani na mekundu.

"Tumu, njoo. Hii rangi imefikaje chini ya mtungi?"

Nikamweleza yote, tangu mikono iliyofichwa hadi jina lililofutwa ubaoni. Nilipokwisha Shangazi akaniuliza, "Wewe ulijua tangu asubuhi ile kwamba ni mtungi?"

"Nilijua, Shangazi."

"Mashaallah ni neno jema, nami nalisema kila siku. Nalisema kumshukuru Mungu. Wewe umelifanya fimbo, umempigia mtoto wa watu."

"Nitakwenda kumwomba radhi kesho."

"Utakwenda, nami nitakupeleka. Lakini si kwake utakapoanzia. Ulinyamaza mbele ya watu wangapi?"

"Darasa zima."

"Basi darasa zima."

Wallahi, nilitamani kuumwa homa usiku ule. Sikuumwa. Asubuhi nilimwomba Mwalimu Phineas ruhusa, nikasimama mbele ya watoto arubaini na wawili. Nikasema kitabu nilikilaza mwenyewe chini ya mtungi, mtungi ukatoka jasho. Nikasema Nyevu hana jicho lolote, ila nilimwomba kweli akanipa, nikamchukia kwa hiyo. Wachache walicheka. Zubeir alitazama chini. Hakuna aliyenipigia makofi, na sikustahili.

Alasiri Shangazi alivaa buibui lake, tukatembea hadi kwao Nyevu. Baba yake, Mzee Lewa, alikuwa uani akifua nazi, akizivua makumbi kwenye ncha ya kifuo.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba," akajibu, asiinue macho.

"Baba Nyevu," Shangazi akasema, "tumekuja na kosa letu. Mtoto wangu alimwonea wako, na leo amelisema darasani mbele ya mwalimu. Binti yako ametoka safi. Nakuomba umrudishe shule."

Mzee Lewa aliweka nazi chini. "Kama amelisema mbele yao, ni sawa," akajibu. "Lakini mwulizeni mwenyewe."

Nyevu alitoka mlangoni na jembe mkononi. "Ulijua siku ile ile?"

"Nilijua."

"Nami nilisimama pale, ukaniona."

"Nilikuona. Nisamehe, Nyevu."

Hakusema nimekusamehe. Alisema, "Jumatatu nitakuja." Kisha akaingia ndani.

Alikuja kweli, akaketi palepale nyuma. Sikumlaumu. Juma lile nilianza kitabu upya. Kila jioni nilikaa mbele ya Shangazi nikachora mikono yake ikidarizi, kidole kwa kidole, nikafuta, nikachora tena. Binti nguva nikampa kazi ya kusuka nyavu, na mwana wa mfalme nikampa woga wa giza. Hawakupendana hadi ukurasa wa kumi na mbili, na kwanza waligombana.

Ijumaa nilichukua mkoba wangu na daftari, nikaenda dawati la nyuma. Nyevu akasogea kidogo, kiasi cha mtu mmoja kukaa. Akasoma taratibu, wala hakutabasamu.

"Mikono sasa ni mikono," akasema mwishowe. "Lakini mama mtu bado ana uso wa bintiye."

"Nitamrekebisha," nikasema.

Tulirudi pamoja, akapitia kwetu kunywa maji. Alipokwisha kwenda zake, Shangazi aliweka kofia kando, jambo ambalo hakulifanya kabla ya jua kutua.

"Sikiza, mwanangu," akaniambia. "Watu wengi watakusifu, na si vibaya. Lakini anayekutajia kosa lako usoni pako, huyo amekutazama vizuri kuliko wote. Ukimwonea mtu kama huyo mbele ya watu, usimwombe radhi chumbani. Msafishe palepale ulipomchafulia. Nawe ukibahatika akarudi kuketi nawe, mshike, maana si kila mmoja hurudi."